Kijiji cha Lango Moja

Arafa aliangusha kopo la nyanya, likabingiria mpaka chini ya rafu ya mchele. Hakuliokota. Macho yote yalikuwa kwa mwanamke aliyesukuma toroli mbele yake, mtoto wa kiume kakalishwa ndani, anatafuna biskuti.

"Nasra? Wewe si uko Italia?"

"Punguza sauti," Nasra alisema. "Dereva wa bosi yuko hapo nje."

Arafa si mtu wa kutetemeka ovyo. Miaka kumi ya kazi ya hoteli mjini Doha, keshaona wageni wa kila sampuli. Lakini leo, katika duka hili la mtaa wa Al Thumama, kumkuta Nasra kulimshtua. Mpango wa kumtorosha Nasra ulikuwa wake yeye. Binamu yake Twaha, anayeendesha gari la kubeba zabibu huko Italia, angengoja nje ya lango la kijiji ambako familia anayoifanyia kazi Nasra ilikwenda likizo, baada ya sala ya alfajiri, bosi akisharudi kulala. Nasra angetoka amejitanda mtandio wake wa kijani ili Twaha amtambue. Asingerudi tena kwa mtu aliyemnyima ruhusa ya kwenda kumzika mama yake mzazi.

"Lakini Twaha kaniambia..."

"Twaha niombee radhi, masikini. Kaja bure. Sikutoka." Nasra alitupa jicho mlangoni. "Madamu kanisaliti, shoga yangu. Madamu!"

Madamu ndiye mke wa bosi, mama wa huyo mtoto wa kwenye toroli. Miaka saba Nasra alikuwa akimsifu kwa kila mtu, mpaka wenzake wakamchoka.

"Kivipi?" Arafa aliuliza.

Ndipo Nasra akaeleza, hapo hapo kati ya mchele na maharage. Kijiji chenyewe kiko juu ya kilima, kimezungushiwa ukuta wa mawe wa tangu zama za mapanga na farasi. Vichochoro vya kupita mtu mmoja, maua madirishani, kengele ya kanisa ya kumgutusha maiti, na vibibi vya Kitaliano vinavyokukazia macho utadhani umeviibia kuku. Pazuri, hasemi uongo. Ila lango ni moja tu, na bosi alipachagua kwa sababu hiyo. Kutwa nzima alikaa kwenye baraza inayotazama lango, kahawa mkononi, mkoba wa pasipoti ubavuni.

"Siku ya tatu nikapanda ukutani kutembea na Madamu. Mizabibu chini mpaka macho yanachoka. Moyo ukanishinda, Arafa. Nitamwachaje huyu bila kumuaga mtu?" Alimpapasa mtoto kichwani. Jasim ana miaka minne, na Nasra ndiye aliyemwogesha tangu ana siku saba. "Nikamwambia Madamu yote. Twaha, gari, saa, mtandio. Yote."

"Una wazimu!"

"Alilia! Kanikumbatia, akaniambia, 'Nasra, pasipoti yako na yangu ziko mkoba mmoja.' Nikaona ananihurumia. Mtu nimemfundisha salamu za Kiswahili, tunacheka jikoni kama dada na dada. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Siku yenyewe ilipofika, Nasra aliamka akakuta mtandio wa kijani haupo. Mlango wa chumba alicholala na Jasim umefungwa kwa nje. Aligonga kwa ncha ya kidole, akiogopa kumwamsha bosi. Dirisha linatazama ukuta. Akasikia gari likiwashwa kule chini ya kilima, likaondoka, na yeye akakaa sakafuni akajiziba mdomo kwa mto ili mtoto asimsikie akilia.

"Bosi kanifungulia mchana. Macho mekundu. Nikasema leo nimekwisha. Wala! Hakunipiga, hakunitukana. 'Yalla, haraka, fungasha.' Basi. Na Madamu hata uso hakunionyesha. Eti kaenda Milano kwa dada yake, atatibiwa huko. Anatibiwa nini? Anaona haya kunitazama huyo!"

"Mpaka leo hajarudi?"

"Na asirudi. Bosi kabadilisha vitasa vya nyumba nzima kwa ajili yake. Kasema hakuna safari tena, si Ulaya, si kwetu. Nitazeekea humo ndani, Arafa, kwa kuwa nilimwamini mtu."

Arafa alikuwa ameshika simu, anaipitisha kutoka mkono huu kwenda huu.

"Tulikubaliana na Twaha tukae kimya wiki mbili," alisema mwishowe. "Juzi kanitumia sauti. Nikashukuru Mungu, nikalala usingizi mzito. Hebu sikiliza."

Walisogea kando, penye majokofu ya maziwa. Twaha alisikika mchangamfu, kama kawaida yake.

"Arafa, mgeni wako yuko salama kabisa. Mtandio wa kijani niliuona tangu mbali, akaruka garini hata sijasimama vizuri. Ila mbona hukuniambia ana haya kiasi hiki? Siku zote hizi ni neno moja tu, na kulia. Haya dada, msalimie Arafa."

Kisha sauti ya mwanamke, ya chini, inayotafuta maneno moja moja: "Salama. Asante. Asante sana."

"Nilidhani umeshikwa na mafua," Arafa alinong'ona.

Nasra alikuwa ameshika ukingo wa toroli kwa mikono miwili. Jasim aliitupa biskuti, akainyooshea simu vidole.

"Mama!" alisema.