Gauni la Mikono ya Kushoto

Gauni lilikuwa na mikono miwili, yote ya kushoto.

Mwalimu wa kwaya alilivaa mbele ya kioo cha duka, akajaribu kuinua mkono wa kulia, ukagoma katikati.

"Fundi," alisema, "niongoze kwaya au nisimamishe magari?"

Fundi hakucheka. Alimgeukia mama mkwe wake, aliyekaa kwenye kigoda na kiwembe cha kufumulia. Kabla hajafungua mdomo, bibi alishadakia: "Ni mimi huyo. Nilikata huku nawaza chakula. Lete nifumue."

Siku hizi kila kitu kilikuwa yeye. Funguo za duka zilikutwa ndani ya birika. Ni mimi, alisema. Pasi iliachwa juu ya kola ya mteja mpaka ikatoboka. Ni mimi tena, kichwa kimekuwa chekeche. Miwani yake aliisaka asubuhi nzima, mwishowe fundi akaiona kwenye kopo la vifungo, imetulia kama mgeni aliyekaribishwa.

Na fundi alikuwa na shida zake za kutosha. Uzi wa siku hizi ulikuwa mbovu, haupiti kwenye tundu la sindano hata uulambe. Pedali ya cherehani nayo ilikuwa nzito, jioni miguu inakufa ganzi. Alishapanga kuitia mafuta.

"Mama, nipe ile... ile..."

Mkasi ulikuwa umeshatua kiganjani mwake.

Alimpenda bibi huyu. Alipoolewa alikuwa hajui hata kupiga pindo, bibi ndiye aliyemfundisha, na kila alipoharibu kitambaa bibi alimwambia kitafaa kwa foronya. Nyumba hiyo ilikuwa na foronya nyingi sana. Lakini mwalimu alishasema: kosa moja zaidi, nguo za kwaya nzima zinahamia duka la ng'ambo ya barabara. Na duka lao ndilo lililokuwa likiwalisha.

"Mama, twende hospitali tukapime kichwa," fundi alisema mwalimu alipoondoka. "Wakikuta una ugonjwa wa kusahau, utapumzika nyumbani. Mkasi uniachie mimi."

"Nitapumzika nikifa, nafasi itakuwepo." Bibi alikata uzi kwa meno. "Haya, nitakwenda. Ila siwezi kuhojiwa peke yangu kama mwizi wa kuku. Wakinipima mimi, na wewe wakupime."

"Mimi nina nini?"

"Una mdomo, mwanangu. Utanitangulia kujibu."

Daktari wa ubongo alikuwa mwanamke mpole, amevaa soksi zisizofanana. Bibi aliziona mapema, akampenda papo hapo. Daktari aliwauliza kama kweli wote wawili wanataka kupimwa, wakakubali. Akawagonga magoti kwa kinyundo, akawaambia wafuate kalamu kwa macho. Kisha akawapa maneno matatu ya kukumbuka: ndizi, daraja, shati. Wakapiga soga kidogo, halafu akayadai.

"Ndizi," alisema bibi. "Hayo mengine muulize huyu, ndiye msomi."

"Ndizi," alisema fundi, kisha akaangua kicheko. "Mama! Umenichanganya!"

Wakacheka wote isipokuwa daktari, aliyekuwa anaandika.

Kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, bibi alitia mgomo. "Mimi nisukumwe humo kama mkate kwenye tanuri? Tangulia wewe. Ukitoka hujaiva, nitaingia." Fundi akatangulia, kwa kumtuliza tu. Alipotoka, alimkuta bibi ameshikilia mlango wa daktari, ananong'ona naye. Eti alikuwa anaulizia choo.

Waliporudi kuchukua majibu, picha mbili zilikuwa zimebandikwa kwenye kioo chenye taa, ubongo mmoja kando ya mwingine kama jozi ya viraka.

"Hii moja ni safi kabisa," alisema daktari. "Hii nyingine ina madoa meupe, mnayaona? Hapa, na hapa. Huu si uzee. Ni kinga ya mwili inayokosea, inaugeukia ubongo kama adui, na unavimba sehemu sehemu. Ndiyo maana mtu anasahau, maneno yanamponyoka, anachelewa kufikiri. Ugonjwa huu hauponi moja kwa moja, lakini dawa za kuupunguza kasi zipo."

Fundi aliushika mkono wa mama mkwe wake. Ulikuwa mkavu na mwepesi, umejaa alama za sindano. Duka likamtoka akilini, mwalimu naye akamtoka. Alikumbuka zile foronya.

"Daktari," alisema, machozi yakimshuka, "mimi ndiye niliyesema akae nyumbani. Nafuta kauli. Akikaa bure atanyauka. Mwache dukani, pale pale kwenye kiti chake. Akikosea tutafumua, tutashona upya. Wala hakuna atakayemsema."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimtazama bibi.

"Si unamsikia?" alisema bibi. "Ndivyo nilivyokuomba mimi siku ile mlangoni."

Akafungua mkoba, akatoa miwani kwenye mfuko wa pembeni bila kupapasa, akaivaa. Kisha akamfuta fundi machozi kwa ncha ya mtandio.

"Haya, daktari. Huyu mwanangu anaanza dawa lini?"