Jina Katika Safu ya Mtekelezaji

Kamati ya dawa ya mji ule ilikuwa na mazoea yake. Kila azimio lilipopita, Bi Sikitu, katibu, aliandika kwenye safu ya mtekelezaji neno moja: Wote. Miaka minne hakuna aliyelihoji.

Siku hiyo Mzee Kisinda wa maabara aliweka kisahani cha kioo mezani, katikati ya chai na vitumbua. Ndani yake vijidudu vilikuwa vimetanda kama ukungu wa mkate.

"Vimetoka kwenye kidonda cha mzazi wa wodi namba mbili," alisema. "Nimevitilia kila dawa tuliyonayo. Dawa inayofanya kazi huviua na kuacha duara tupu."

Walilitafuta duara. Halikuwepo. "Vimezizoea zote, maana watu wanazinunua ovyo madukani," alisema Mzee Kisinda.

"Andika maduka yasiuze dawa hizi bila cheti cha daktari," mwenyekiti aliagiza.

"Tuliandika mwaka juzi. Na mwaka jana," Bi Sikitu alimkumbusha.

"Basi tunasisitiza. Mtekelezaji, wote."

Kalamu ya Bi Sikitu ilisita. Mkaguzi wa maduka alikuwa yeye mwenyewe, na duka la kwanza pale sokoni, ambalo hakuwahi kulikagua, lilikuwa la dada yake. Akaandika polepole: Sikitu Mbaruku. Kisha akamsogezea mwenyekiti daftari pamoja na kalamu.

"Nisipofanya, nani ataniuliza? Jina lake liandikwe hapa."

Mwenyekiti alikitazama kisahani, akakifunika kwa gazeti. Lakini kalamu hakuirudisha; aliishika juu ya safu ya mtekelezaji.