Miiba ya Nungunungu

Wanyama waumini wa bondeni walikuwa na desturi ya kukumbatiana kila ibada ilipokwisha. Nungunungu tu ndiye aliyekosa wa kumkumbatia.

"Salamu zako tumezipokea, ndugu," Sungura alimtania. "Ila zitume kutoka hukohuko nyuma!"

Basi Nungunungu akawa anakaa peke yake mlangoni, akimwomba Mungu amwondolee ile miiba.

Jumapili moja, waumini wakiwa wamefumba macho katika sala, Chui alinyemelea mlangoni akiwataka watoto wa Mama Paa. Nungunungu akasikia pumzi zake. Akamgeuzia mgongo, akaisimamisha miiba yote. Chui aliruka, akaiangukia, akakimbia akilia na uso uliojaa miiba.

Sungura akasimama mbele ya wote. "Wapendwa, nimekosa. Nimeicheka karama ambayo Mungu alitupa sisi sote."

"Nimekusamehe," akajibu Nungunungu. "Ila usije kunikumbatia, niko kazini."

Siku hizi akienda zamu yake ya mlangoni huitikisa miiba makusudi, ilie. Naye Mama Paa huwaambia wanawe, "Haya, fumbeni macho msali. Mjomba amefika."