Udongo wa Zahanati

Zamani si nyingi, Nyegere alikuwa akiyeyusha betri kuukuu za magari ili apate madini ya risasi, na vumbi lake likitua kwenye mashamba ya majirani. Watoto wa Digidigi wakaanza kuumwa matumbo na kusahau hata majina yao. Mama yao akapeleka malalamiko mpaka kwato zikalika.

Mwaka wa tatu serikali ikafika, nayo ilikuwa Ngiri, mpenda makofi. Alilifunga tanuri la Nyegere, akaamuru udongo wote wenye sumu uchimbwe na kuondolewa, kisha akawajengea wagonjwa zahanati ya matofali mekundu. Siku ya kuizindua alikata utepe na kuhutubia sana.

Digidigi alikuwa barazani na mwanawe, akisubiri zamu.

"Mheshimiwa, tunashukuru," alisema. "Ila ule udongo mliuondoa, mkaupeleka wapi?"

"Mama, serikali yako haitupi kitu," Ngiri alijibu kwa fahari. "Ndio tuliofyatulia matofali haya."

Digidigi aligeuka kumtazama mwanawe. Alikuwa ametulia pembeni, akiulamba ukuta.