Angenyamaza Tu

Jumapili, kwenye sinema ya parokia, nilimkasirikia mwanamke wa kwenye filamu. Askari wamebisha mlango, mume wake amejificha darini, na mwanamke akawajibu! Nilimpigia kelele mpaka watu wakageuka kunitazama. Njiani bado nilikuwa nawaka.

"Mwanamuke ule ni mujinga sana," nilimwambia mume wangu, Lambert. "Angenyamaza tu, wangeenda zao."

Lambert alicheka. "Weye na masinema yako!"

Leo hacheki. Yuko chini ya kitanda, kwa sababu tangu asubuhi wenye bunduki wanazunguka mji wetu wa Albertville nyumba kwa nyumba, wakitafuta makarani wa reli kama yeye. Nimefunga madirisha, nimemwagia moto maji. Kidole gumba cha mguu wake kimebaki nje ya shuka, nami naogopa hata kukisukuma ndani.

Buti zinapanda barazani. Zinasimama. Nabana pumzi. Nyumba haina mtu, najiambia, nyumba haina mtu.

"Hodi!" sauti inaita taratibu, kwa adabu, kama ya jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Na mdomo wangu, jinsi mama alivyoulea, unajibu:

"Karibu."