Machungwa ya Kumjulia Hali Baba Tunu

Siku hizi mume wangu akikohoa tu, sebule yangu inajaa wasomi wenye shahada za uzamivu na wasio na kazi. Chuo kikuu hakifungui nafasi ya utafiti mpaka mtafiti mmoja afariki, na ili waombaji wasihangaike bure, chuo kinawaonyesha afya ya kila mtafiti kwenye simu zao.

Kifua cha Baba Tunu kikibadilika kidogo, wanabisha hodi na mifuko ya machungwa. "Pole sana, mama. Profesa ameamkaje?" Macho yao yako kwenye mlango wa chumbani. Mmoja aliniuliza kama dawa anazimaliza. Nikamwambia anazimaliza, na chakula anakimaliza, na wewe maliza chai yako uende.

Jana mimi na Baba Tunu tuliwacheka huku tukila machungwa yao.

Leo jioni Tunu mwenyewe ameingia kwa basi kutoka Iringa. Ndiye mtoto wetu wa pekee, na tasnifu yake ya uzamivu aliitetea mwezi uliopita. Sikuwa nimemwambia kwamba baba yake anaumwa. Sikutaka apate wasiwasi.

"Shikamoo, mama. Baba anaendeleaje?"

"Marahaba. Nani kakwambia anaumwa?"

Aliuinamia mfuko aliokuja nao, akaanza kuyapanga machungwa mezani, kando ya yale yaliyobaki jana.

"Nani huyo amekuja?" baba yake akauliza kutoka chumbani, sauti imechangamka.

"Mgeni," nikamjibu.