Ngiri Anasafisha Jina

Niapie kwanza kwamba hutamwambia mtu. Haya, na mimi niliapishwa hivyohivyo, kwa hiyo sikiliza.

Mhanga, fundi wa kuchimba, alikuwa akiwapa wenzake mashimo ya kuishi, nao wakiyalipia kidogo kidogo. Ila alimpa yule tu ambaye majirani walimshuhudia kuwa hulipa madeni. Ngiri, mkopaji sugu, akaja mbio. Masika yalikaribia, na mkewe alikuwa na mimba kubwa.

"Wewe? Jina lako linanuka," Mhanga akamwambia. "Kalisafishe kwanza."

Baada ya muda Ngiri akarudi na majirani, kifua mbele. Nungunungu akashuhudia, "Kanilipa viazi vyote, tena vitamu kama vile vyangu vilivyoibwa juzi!"

"Na karanga zangu je?" akadakia Kanga, yule asiyejua kunyamaza.

"Mlipe mbele yetu, shimo ni lako," Mhanga akaamua.

"Hizo tu, shemeji? Naenda kuzichukua nyumbani," Ngiri akasema, akatoka mbio.

Wakasubiri. Mara Kanga akashtuka. "Nyumbani wapi, jamani? Si ndiyo nyumba anayoitafuta?"

Wakamfuata wote, wala hawakwenda mbali. Kwenye ghala la Kanga waliona mkia umesimama wima mlangoni, na mwenyewe kazamisha kichwa ndani, anajaza kikapu.

Kanga akamdonoa mgongoni. "Shemeji, hapo unanilipa au unanikopa tena?"

Ngiri akageuka ajibu, lakini mdomo ulikuwa umejaa karanga.